Swali Lililochekwa

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, wavulana walipenda sana kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Nafasi zilikuwa chache kuliko waliozitaka. Siku moja kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, alikuwa anachemsha maziwa yake. Mwenzake alipomwona, akachanganya ya kwake na sukari bila kuyachemsha, akakimbilia friji. Mpemba akaona kwamba akisubiri yapoe atakuta trei ya mwisho imekwenda. Akayatia yakiwa ya moto, huku akijua anaweza kuiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia ilikuwaje. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganya mambo, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akanyamaza. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na rafiki huyo akamweleza kwamba yeye hutia mchanganyiko kwenye friji ukiwa wa moto, kwa sababu hivyo ndivyo unavyoganda upesi. Basi mjini Tanga kulikuwa na mtu aliyekuwa akiendeshea biashara yake jambo ambalo darasani lilikuwa haliwezekani.

Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, darasa likafika kwenye kanuni ya Newton kuhusu upoaji wa vitu. Mpemba akauliza tena. Akajibiwa vilevile, na alipoendelea kubisha mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalidaka neno hilo. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba. Alasiri moja alikuta maabara ya baiolojia iko wazi na hakuna mwalimu. Akachukua vyombo viwili vidogo vya kioo, kimoja akakijaza maji ya bomba, kingine maji ya moto, akavitia kwenye sehemu ya kugandishia ya friji ya maabara. Aliporudi baada ya saa moja, maji yalikuwa hayajaganda yote, lakini barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye chombo kilichoanza na maji ya moto.

Kisha akaja mgeni. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alialikwa Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Baada ya hotuba yakafunguliwa maswali, na Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukavitia kwenye friji, cha nyuzi 100 ndicho kinachotangulia kuganda; kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne akamwomba alirudie swali, akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo mwenyewe. Mpemba akasema ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Baada ya mkutano baadhi ya wanafunzi walimlaumu Mpemba kwa kuwaaibisha mbele ya mgeni.

Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba moyoni aliamini kijana amekosea. Lakini aliona kuna hatari kulidharau swali, na hatari zaidi kuamua mezani ni kipi kinachowezekana na kipi kisichowezekana. Aliporudi chuoni akamkabidhi kazi fundi sanifu wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Wakarudia, na matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili, la Mpemba na la Osborne, na ndani yake Mpemba anasimulia habari yake kwa sauti yake mwenyewe: maziwa, friji, kicheko cha darasa, yote. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi.

Dunia ya wanafizikia bado inabishana juu ya jambo hilo. Waliodurusu vitabu vya kale wakakuta kwamba Aristotle, Bacon na Descartes waliwahi kuligusia. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kulieleza, na majibu yakafika zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu wakaandika kwamba hawakuona ushahidi wa maana kuwa maji ya moto hupoa upesi zaidi. Wengine wanaendelea kupima. Hata kama siku moja itathibitishwa kwamba Mpemba na Osborne walikosea, hakuna kitakachopungua katika kile kilichotendeka pale Mkwawa, na hicho ndicho kilichonifanya niisimulie habari hii kwa kirefu.

Tunapozungumza siku hizi kuhusu kukuza ubunifu vyuoni, mazungumzo huanzia kwenye vitu. Tunataka jengo la ubunifu, shindano la ubunifu, wiki ya ubunifu yenye fulana na bango. Sina ugomvi na jengo. Lakini tutazame jaribio la Dar es Salaam liligharimu nini: muda wa fundi sanifu, sehemu ndani ya friji, na maji. Kilichokuwa kigumu kilikuwa mahali pengine. Msomi wa chuo kikuu, aliyealikwa kuja kuwaeleza vijana, alisimama mbele ya mkutano mzima akasema hajui. Halafu akaondoka na swali la kijana, akalipeleka kazini kwake, akalipa muda wa mtu anayelipwa mshahara. Matokeo yalipopatikana hakumpa kijana shukrani ya mstari mmoja mwishoni mwa makala. Jina la Mpemba ndilo linalotangulia.

Hayo mambo matatu, kukiri, kulipa swali muda wa kazi, na kugawana jina, ndiyo ninayoyaona kuwa mzizi wa ubunifu wowote wa chuoni, uwe wa maabara au wa jukwaa. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Yote matatu yanadai kwamba mwenye mamlaka akubali kusumbuliwa.

Na lile neno la fundi sanifu, kwamba watarudia mpaka wapate jibu sahihi, linastahili kufikiriwa na kila anayefundisha. Fundi yule alifanya kazi yake kwa uaminifu, akaripoti alichokiona. Imani yake kwamba jibu sahihi lilikuwapo kabla ya jaribio ndiyo imani tunayoipanda kwa wanafunzi wetu tangu darasa la kwanza. Mwanafunzi anafika chuo kikuu akiwa amefanya mitihani ya taifa mara kadhaa, na katika yote hajaulizwa swali ambalo aliyelitunga hakuwa na jibu lake. Anapoingia maabara, anatafuta kwanza namba iliyotoka mwaka jana, kisha anarekebisha vipimo vyake vifanane nayo. Mtu huyu hana uvivu wala akili fupi. Ameelewa vizuri sana kile tulichomfundisha.

Chuo kile cha Dar es Salaam kilikuwa bado kichanga. Kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, na kikahamia Mlimani mwaka 1964. Huenda uchanga huo ulisaidia. Wakati fizikia ikigandisha maji, idara ya historia ilikuwa na jambo lake. Historia ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ilikuwa imeandikwa zaidi kutokana na nyaraka za Wajerumani waliovizima. Wazee waliokuwa vijana wakati wa vita walikuwa bado hai, na kila mwaka walipungua. Mwaka 1968 idara ikawatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza katika maeneo yaliyopigana, wakakae na wazee, wawasikilize na kuandika. Taarifa zao zikakusanywa pamoja, na hadi leo mtafiti wa Maji Maji hawezi kuzipita. John Iliffe na Gilbert Gwassa ni miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo.

Fikiria maana yake kwa mwanafunzi. Jana alikuwa anasoma historia ya nchi yake kwa kalamu ya mtu mwingine. Leo ameketi kwenye mkeka, mzee anamtajia nani alikunywa maji ya mganga Kinjeketile na nani alikataa, na yeye ndiye atakayeamua kipi kiandikwe na vipi. Hakuna maandishi ya kunakili. Akikosea jina, hakuna kitabu cha kumsahihisha, itambidi arudi kwa mzee. Kazi ya namna hiyo inamfanya mtu aongeze umakini bila kuhimizwa, kwa sababu anajua hakuna mwingine aliyeifanya.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mwana wa pwani ya kusini aliyesoma palepale Mlimani, akatoa tamthilia yake Kinjeketile. Historia ileile iliyokuwa ikikusanywa na wanahistoria ikapanda jukwaani kwa Kiswahili, na ndani yake mganga aliyewapa watu maji anateswa na shaka kama neno alilolitamka ni lake au la nguvu iliyompanda. Hussein alikuwa kijana wa miaka 20 na ushee. Sidhani tamthilia hiyo ingeandikwa vile katika chuo ambamo historia ya Maji Maji ilikuwa kurasa chache za kukariri. Iliandikwa mahali ambapo jambo hilo lilikuwa linabishaniwa, likiwa bado bichi.

Mwaka huohuo, Novemba, wanafunzi wa umoja wa kimapinduzi ulioitwa USARF walianzisha jarida, Cheche. Lilitolewa kwa stensili. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa miongoni mwa wahariri wake. Wanafunzi na wahadhiri waliandika humo pamoja, na Jumapili asubuhi, wenzao wengi wakiwa wamelala au wako kanisani, kundi hili lilikuwa na darasa lake la siasa lisilo na alama wala cheti. Walter Rodney, aliyekuwa anafundisha historia, alikuwa karibu nao, na ni katika miaka hiyo ya Dar es Salaam ndipo aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Shivji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya sheria. Makala ile ikasomwa na kujadiliwa mbali sana na Mlimani.

Miezi miwili baadaye, Novemba 1970, jarida likapigwa marufuku na umoja wenyewe ukafutwa.

Ni lazima tuitazame sehemu hii ya habari bila kuikwepa, kwa sababu hapa ndipo mipango mingi ya kukuza ubunifu huanguka. Wakuu wa vyuo husema wanataka wanafunzi wabunifu, na naamini wanasema kweli. Lakini mara nyingi wanachokifikiria ni programu ya simu itakayoshinda tuzo, au mashine ya kukamua alizeti itakayoonyeshwa kwenye maonyesho ya wakulima ya Nanenane. Akili inayounda mashine ya alizeti ndiyo hiyohiyo itakayouliza ada ya maabara inakwenda wapi na maabara haina kemikali. Huwezi kuialika kwa swali la kwanza na kuifukuza kwa swali la pili. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kujieleza kwa sababu ya makala ya ubaoni hatarudi wiki ijayo na wazo la kuboresha maktaba. Na wenzake waliomwona akiitwa nao wamejifunza. Marufuku ya 1970 haikuuzima moto wote, maana muda si mrefu wanafunzi walitoa jarida jingine, Maji Maji. Lakini kila uamuzi wa aina ile hugharimu idadi ya watu wasiothubutu tena, na idadi hiyo haiandikwi popote.

Vyuo vyetu vya leo vina hali tofauti. Kozi moja ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa na wanafunzi mia kadhaa katika ukumbi mmoja, wengine wamesimama dirishani. Mhadhiri mmoja ana kozi tatu, ana tasnifu za kusimamia, ana kamati. Katika mazingira hayo desa linakuwa mfalme. Asiyelijua desa, ni yale maandishi ya kozi yanayopitishwa kutoka mwaka hadi mwaka, yaliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia, au siku hizi yanayotumwa kwenye kundi la WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani. Pita Mlimani jioni karibu na mitihani uone vimbweta, vile viti na meza za zege za nje, vilivyojaa: vijana wanne wanne, desa katikati, mmoja anauliza, wengine wanajibu kwa kukariri. Wana bidii ya ajabu. Wanakariri kwa sababu wanakumbuka mitihani ya miaka mitano iliyopita na wameona maswali yanajirudia, na kwa sababu anayeogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, hawezi kucheza na wazo lisilo kwenye desa. Akili mnemba imeongeza kasi tu. Ikiwa swali ni lile ambalo jibu lake liko tayari, mwanafunzi atalichukua popote lilipo.

Nenda pia kwenye rafu za tasnifu. Utaona mchango wa hiki katika kile, mfano wa wilaya fulani. Badilisha wilaya, upate tasnifu mpya. Wanafunzi hawakuzaliwa na fomula hiyo. Wameona kwamba mada ya namna hiyo hupitishwa mapema, na mada ngeni hurudishwa mara tatu na msimamizi anayeogopa kusimamia asichokijua. Osborne alisimamia asichokijua.

Je, mhadhiri mwenye wanafunzi 400 afanye nini? Nitataja jambo moja ambalo linawezekana bila kusubiri kikao cha seneti. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 ni za kazi za muhula na 60 ni za mtihani wa mwisho. Chukua 10 katika zile 40. Mwambie kila mwanafunzi alete swali moja kutoka mahali anapopajua, nyumbani kwao, sokoni, gereji ya mjomba wake, shambani, swali ambalo desa halina jibu lake, na aonyeshe hatua tatu alizochukua kulijaribu. Alama zitolewe kwa hatua, hata kama jibu halikupatikana. Mhadhiri hawezi kusoma 400 kwa wiki, lakini makundi ya watu wanane hutoa maswali 50, na maswali 50 yanasomeka katika siku moja. Achague matano ayalete ukumbini, na katika moja angalau aseme mbele ya wote kwamba halijui na atalifuatilia. Kisha alifuatilie kweli. Wiki mbili baadaye akirudi na alichokipata, ukumbi ule utakuwa umeona kitu ambacho wengi wao hawajawahi kukiona: mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu akitafuta.

Yule muuza aiskrimu wa Tanga ana wenzake kila mahali. Fundi wa redio wa Kariakoo, mkunga wa kijijini, nahodha wa jahazi anayesoma upepo wa kusi, mama anayekausha dagaa Mwanza, wote wanajua mambo ambayo hayajaingia kwenye mtaala. Mwanafunzi ndiye daraja la karibu zaidi kati yao na maabara, maana yeye ametoka huko juzi tu. Tunapomfundisha kwamba elimu inaanza pale anapoingia lango la chuo, tunalivunja daraja hilo kwa mikono yetu.

Nimesema mengi kuhusu wanafunzi, lakini mhadhiri asiyebuni hawezi kumlea anayebuni, na hapa hali ni ngumu zaidi kuliko tunavyokubali kusema. Miaka ya 1982 na 1983 Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa idara ya sanaa za maonyesho ya Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni jambo gani linalowasumbua, na likajitokeza suala la mimba za wasichana wa shule. Badala ya kuwaletea mchezo uliokwisha kuandikwa, walitengeneza maonyesho pamoja nao, kwa ngoma na nyimbo zao, yakachezwa mbele ya kijiji, na baada ya kuchezwa watu wakabaki wanajadiliana. Mambo ambayo baba hakuweza kumwambia jirani yake yalisemwa hadharani kwa sababu yalikuwa yametangulia kuchezwa. Kazi hiyo, pamoja na nyingine zilizoifuata vijijini, iliingia baadaye katika kitabu cha Muhando cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo.

Huwezi kusema pale kazi ya kufundisha iliishia wapi na utafiti ukaanzia wapi. Ilikuwa kazi moja. Sasa mpeleke mhadhiri kijana wa leo Malya kwa miezi kadhaa, kisha umlete mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Kamati itamwuliza ametoa makala ngapi, katika majarida gani. Onyesho lililobadilisha mazungumzo ya kijiji halina kisanduku kwenye fomu, au lina kisanduku chenye nusu alama. Kozi mpya aliyoitunga kutoka mwanzo haimo. Kifaa alichokiunda na mafundi wa gereji kinaitwa huduma kwa jamii, na huduma kwa jamii huja mwisho. Mkewe anajua mshahara haujapanda kwa miaka sita. Basi mwaka unaofuata hataenda Malya. Atakaa ofisini aandike makala mbili zinazofanana na alizoandika mwaka juzi, na hakuna atakayemlaumu.

Fomu hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zinaandikwa na wahadhiri waandamizi, wengi wao watu wema, katika vikao vya siku mbili vyenye chai na vitafunwa, na zinaweza kuandikwa upya katika vikao vilevile. Kinachohitajika ni kanuni ya jinsi wataalamu wa fani, pamoja na watu wa nje waliohusika, watakavyoipima tamthilia, kifaa, kozi mpya au mradi wa kijijini kwa ukali uleule tunaoipimia makala, na alama zisizopungua za makala zitolewe kwa kazi itakayopita. Wahadhiri vijana wengi tayari wana kazi hizo kwenye droo na kwenye kompyuta zao, wakisubiri kuona kama zitahesabiwa.